Ile ya Makosa

Ukumbi wa Muhindo hauna dirisha.
Ukuta ni mbao, sakafu ni lava ileile
iliyoganda hapa kabla haijafika ziwani;
ukikaa vibaya, mwamba unakukumbusha.
Mimi nilikuwa mlangoni na kopo la maziwa ya unga,
mkubwa franka mia tano, mtoto mia mbili,
jenereta nje ikikohoa kama mwenye pumu.

Filamu ilikuwa ya maharamia.
Nahodha ana kitambaa cheusi jichoni:
la kulia akipanda merikebu,
la kushoto akichomoa upanga,
na alipombusu binti wa gavana
macho yote mawili, mazima, yanang'aa.
"Amepona!" akapaza sauti Byamungu wa chukudu,
na nusu ya ukumbi ikaanguka kwa kicheko.

Mzinga ulilia kabla haujawashwa.
Papa alikuwa wa mpira, mshono wake tuliuona.
Na nyuma kabisa ya vita, juu ya bahari ya karne zilizopita,
kitu cheupe kilikata anga polepole:
ndege. Tena ya abiria.

Mwalimu Bisimwa akasimama, akavua miwani,
akasema huu ni uharamia kuliko ule wa merikebuni,
anataka mia tano yake
na saa moja na nusu ya uhai wake.
"Tanga limevimba huku, bendera inapepea kule!
Hata uongo una adabu yake."
Benchi la mbele wakamzomea:
Kaa chini, mwalimu, unatuzibia bahari!

Basi tukagawanyika.
Kushoto waliodai pesa, kulia waliodai kimya,
katikati wale wa karanga, wanaongojea ngumi tu.
"Mimi," akasema Byamungu, "nateremsha viazi toka Kibumba,
magunia sita, breki ni kisigino changu.
Huko mlimani kila kitu ni kweli, mwalimu.
Hapa nataka mtu aruke mlingoti hadi mlingoti
na asivunjike."

Kisha yule kijana akafa.
Mpishi wa merikebu, jina silikumbuki,
alifungwa jiwe miguuni, akatupwa.
Maji yakajifunga. Mapovu matatu.
Picha iliyofuata, karamu ufukweni,
na huyo hapo, nyuma ya pipa,
anamenya chungwa, nywele kavu.
Walimsahau. Aliyekata mkanda alichanganya siku.
Kushoto na kulia wakapatana kwa mara ya kwanza:
walicheka mpaka mbao zikatikisika.

Kavugho hakucheka.
Kavugho wa sambaza, wa soko la Kituku,
aliyekaa karibu nami na beseni tupu mapajani.
Mwaka juzi mdogo wake alipanda boti usiku kule Minova,
boti ya vitunguu.
Vitunguu vilifika, vikielea.

Akainuka. Nikashika kopo, nikijua anadai pesa.
"Rudisha nyuma," akasema.
"Mama Kavugho, mafuta yamebaki ya dakika kumi."
"Rudisha. Pale pa chungwa."

Muhindo akabonyeza. Kidole kikazidi.
Chungwa likavaa ganda lake, duara kwa duara,
karamu ikazimika,
mapovu matatu yakashuka yakizama,
maji yakafunguka,
na kijana akatoka, miguu mbele, jiwe naye,
akapaa hadi sitahani,
mikono ya wauaji ikampokea kwa upole
ikafungua kamba.

Hapo jenereta ikakata.

Hatujui hazina aliipata nani.
Gizani mtu aliuliza, hakujibiwa.
Mwalimu alipita mlangoni bila kutazama kopo,
au labda alilitazama; kulikuwa giza.
Mpaka kwenye njiapanda niliwasikia, yeye na Byamungu,
bado wanagombania bendera.

Kesho yake niliweka bango jipya, karate.
Kavugho alikuja saa nne asubuhi,
sambaza bado zimejaa beseni, nzi hawajaziona,
akasoma bango taratibu, akatema mate pembeni.
"Ile ya makosa," akasema,
"mnaionyesha saa ngapi?"